Ziara ya Freddie Mercury Mji Mkongwe: mwongozaji hodari, milango mingi mno

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Shilingi 40,000 kwa kichwa kwa sisi wenye kitambulisho cha taifa, mwanafunzi nusu yake. Wageni wanalipa kwa dola, sikuuliza ngapi. Tiketi ya makumbusho ya Freddie haimo humo, unailipa mwenyewe ukifika. Chupa moja ya maji imo. Mnakutana Forodhani mbele ya Ngome Kongwe, kisha ni miguu tu mpaka mwisho. Waliniambia kwenye simu ni mwendo wa saa mbili. Hesabuni tatu na ushee, na asiye na subira abaki hotelini.

Kampuni siitaji jina. Ni ya vijana wachache, wanajitahidi, na nia yangu si kuwaharibia riziki.

Mimi kazi yangu ni kinanda. Harusi, sendofu, kipaimara, ukumbi wa hoteli Ijumaa usiku. Penye umeme na malipo mtanikuta. Sasa mpiga kinanda akimsikiliza Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, hamsikilizi kama wengine. Watu wanasikia ile sauti, mimi nasikia mkono wa kushoto. Kwa hiyo nilivuka kutoka Dar kwenda Unguja na swali moja kichwani: mtoto huyu wa Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, aliyezaliwa mwaka 1946, kinanda alifundishwa wapi na nani? Aliyenivuta twende ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, mwanakwaya, ambaye nyimbo za Queen anazijua kuliko tenzi.

Mwongozaji tuliyepewa alikuwa kijana mrefu wa Kiunguja, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya kuadhinia. Alinipa shikamoo, akamgeukia mpwa wangu akamuuliza, "Dada, wewe ndiye mwenye Freddie au mjomba?" Akajibiwa, "Mimi." "Basi maswali yote yaje kwako, mjomba atapumzika." Tukajua tumepata mtu. Kuanzia hapo mpaka mwisho hakumzungumzisha mtoto kama mzigo uliokuja na mtu mzima, na kwa hilo peke yake namwongezea alama.

Tatizo lilianza kwenye milango.

Mnaijua milango ya Mji Mkongwe, ile ya kuchongwa, yenye misumari ya shaba. Kichochoro cha kwanza tukasimamishwa mbele ya mmoja: "Hapa ndipo alipokuwa akiishi Freddie." Tukapiga picha. Tukakunja kona, mlango mwingine: "Na hapa pia waliishi." Haya, familia za wafanyakazi wa serikali zilikuwa zinapanga na kuhama, inawezekana. Mlango wa tatu ukawa ndio aliozaliwa. Mpwa wangu akaniangalia. Akasema kwa adabu zote, "Kaka, mimi nilisoma kwamba alizaliwa hospitali." Kijana akacheka, akakuna kofia, akasema, "Kweli dada, hospitali. Lakini wageni wanapenda mlango."

Nilimpenda kwa jibu hilo, na papo hapo nikakasirika. Mapapasi wa pale ufukweni, wale waongozaji wa mitaani wasio na kampuni, wakikuonyesha nyumba tano za Freddie kwa siku moja utasema ni mapapasi, wanatafuta chakula. Huyu amelipwa kwa risiti. Kama kampuni haina uhakika wa nyumba, iseme "inasemekana", neno hilo halina gharama. Nusu saa nzima ya ziara ilitumika kutazama mbao ambazo hakuna aliyeweza kutuambia zinamhusu vipi.

Ziara iliamka tulipofika Vuga, kwenye Mahakama Kuu. Hapo kijana alibadilika kabisa. Alitukalisha kivulini ng'ambo ya barabara, akatuambia tulitazame jengo lenyewe, lile la kuba na matao, kazi ya Mwingereza J. H. Sinclair mwanzoni mwa karne iliyopita. Kisha akasema: baba yake Freddie alikuwa anafanya kazi mahakamani, keshia. Bomi Bulsara. Siyo mfanyabiashara tajiri, siyo mtoto wa Sultani kama wengine wanavyodhani; karani wa pesa wa serikali ya Kiingereza, mtu wa daftari na mihuri. Mama ni Jer. Wote wawili Waparsi, watu wa dini ya Zarathustra, wenye asili ya Gujarat huko India, na jina Bulsara limetoka kwenye mji wa Bulsar, ambao leo unaitwa Valsad. Mtoto wa kwanza, Farrokh, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Mdogo wake, Kashmira, akaja mwaka 1952.

Mimi nilikuwa nayajua majina hayo. Nilichokuwa sikijui ni ukubwa wa mambo kwa macho. Ukikaa pale unaona kwamba maisha yote ya mtoto yule yalikuwa ndani ya eneo ambalo mtu mzima analizunguka kabla chai haijapoa: bahari pale, ofisi ya baba hapa, hospitali mbele kidogo, shule ya wamisionari alikoanzia darasa kwa masista Waingereza. Kijana aliyaeleza haya bila haraka, akatuacha tukae. Kama ningekuwa mwenye kampuni, ziara ingeanzia hapo na milango ingefutwa.

Hospitali ya Mnazi Mmoja tulifika, na hapo nina neno. Ndiyo, kwa jinsi inavyosimuliwa ndiko alikozaliwa, enzi hizo hospitali ya serikali. Lakini ile ni hospitali inayofanya kazi. Kuna watu wamekaa na vikapu vya chakula wakisubiri saa ya kuona wagonjwa, na sisi tunaambiwa tujipange getini tupigwe picha ya kundi. Wazungu wawili tuliokuwa nao walikataa kabla yangu, ikanitia haya. Kampuni iliondoe hilo. Kupita kwa mbali na kuonyesha kwa kidole kunatosha.

Sasa lile swali langu. Njiani kurudi Shangani nikamuuliza: kinanda alijifunzia wapi? Mimi nilitegemea aniambie hapa hapa Unguja, maana ndivyo biashara inavyotaka. Kijana akasema, "Mjomba, tusidanganyane. Kinanda ni Bara Hindi."

Na ndivyo ilivyo. Akiwa na miaka minane hivi alipakiwa melini, akapelekwa shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, kwenye milima ya juu ya Bombay. Shule ya mtindo wa Kiingereza kabisa. Huko ndiko jina Farrokh lilipoanza kumezwa na Freddie. Huko ndiko alikotaniwa meno, maana alikuwa na meno manne ya ziada nyuma yaliyoyasukuma ya mbele nje. Mkuu wa shule aliona mtoto ana sikio la muziki, akawaandikia wazazi Unguja kwamba wakiongeza ada atafundishwa piano vizuri. Wakaongeza. Hebu mfikirie keshia wa mahakama, mshahara wa karani, watoto wawili, anaandikiwa barua kutoka ng'ambo ya bahari kwamba atoe zaidi kwa ajili ya kinanda, naye anatoa. Mtoto akafika gredi ya nne, nadharia na vitendo.

Akiwa na miaka 12 wakaanzisha bendi ya bweni, The Hectics. Hapa nikamchokoza mpwa wangu: "Nani alikuwa anaimba?" Akajibu bila kufikiri, "Si Freddie!" Kumbe siye. Aliyeimba mbele alikuwa Bruce Murray. Freddie alikaa kwenye piano, akaitikia nyuma. Mpiga ngoma wao, Victory Rana, alikuja kuwa jenerali wa jeshi la Nepal, na mpiga gitaa Derrick Branche akawa mwigizaji Uingereza. Walipiga nyimbo za watu, za akina Cliff Richard na Little Richard, kwenye sherehe za shule. Wenzake wa wakati ule wamesimulia kwamba alikuwa akiusikia wimbo redioni mara moja anaenda kuukalia kwenye piano na kuutoa. Wenzangu wa bendi za harusi mnaijua kazi hiyo. Mwenye shughuli anakuja saa mbili usiku anakuletea wimbo kwenye simu, saa tatu anautaka. Kumbe mtu mzima yule alianzia kwenye kazi yetu.

Nitoke nje kidogo. Miaka mingi kabla ya mtoto wa Bulsara kupanda meli, Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, alipanda meli kutoka Unguja hiyo hiyo kwenda Bombay hiyo hiyo, mwaka 1928, kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Njia ya muziki kati ya Zanzibar na Bombay ilikuwa imeshachongwa na Siti. Amefariki mwaka 1950, Freddie hajatimiza miaka minne, katika mji ule ule. Mtu anayetembeza watu Mji Mkongwe kwa jina la muziki asipolitaja hilo amewanyima wageni nusu ya hadithi, na kijana wetu hakulitaja mpaka nilipolitaja mimi. Alilijua, tena vizuri, akaimba hata kiitikio kidogo cha taarabu. Akasema kwenye karatasi ya kampuni halimo. Basi waliingize.

Makumbusho ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Yapo Shangani, Barabara ya Kenyatta, kwenye nyumba ambayo miaka yote watu waliijua kwa jina la Mercury House, na yalifunguliwa mwaka 2019 kwa kushirikiana na kampuni ya Queen Productions. Msitegemee jumba. Ni padogo, picha na maandishi ndiyo mengi, na mwenye kusoma atatoka na kitu kuliko mwenye kupiga selfi. Mimi nilisimama sana kwenye picha za utotoni. Kuna namna mtoto yule anavyotazama kamera: kidevu juu, mdomo umefungwa kuficha meno. Picha za ukubwani, zile za jukwaani na ngumi hewani, kidevu ni kile kile ila mdomo uko wazi. Mpwa wangu ndiye aliyeliona, mimi nimeliiba.

Kwa ratiba ya ziara mnapewa dakika ishirini humo ndani. Hazitoshi hata kidogo. Dakika za milango zingehamishiwa huku.

Mwaka 1963 alirudi Unguja, kijana wa miaka 16, akaingia shule ya St Joseph's Convent. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, familia iliondoka kwenda Uingereza. Hapa mwongozaji alipunguza sauti, akasema sentensi mbili, akaendelea. Sikumlaumu. Kuna mambo ambayo mwenyeji haanzi kuyachambua barabarani mbele ya watu asiowajua, na mimi wa Dar si wa kumfundisha. Watakaotaka zaidi watafute vitabu. Vivyo hivyo kwa maisha ya Freddie ya ukubwani. Mwaka 2006 palipopangwa sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga na sherehe haikufanyika. Mpwa wangu aliuliza kwa nini, akajibiwa kwa heshima na kwa kifupi, na yakaishia hapo.

Sehemu ya mwisho waliiita "Kutoka Unguja hadi Wembley", na nilidhani itakuwa maneno matupu, kwa kuwa huna cha kuonyesha, London haiko Shangani. Kumbe ndipo kijana alipotuonyesha kwamba amesoma. Tulikaa kwenye baraza, akaomba fagio kwa mama mmoja aliyekuwa anafagia uwanja wake. Akaanza.

Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, kijana kutoka kisiwani anabeba mizigo. Anasoma Isleworth, halafu chuo cha sanaa cha Ealing, na mwaka 1969 anamaliza na stashahada ya michoro. Pale chuoni anafahamiana na Tim Staffell, mwimbaji wa bendi iitwayo Smile, yenye Brian May kwenye gitaa na Roger Taylor kwenye ngoma. Freddie anakuwa shabiki wao mwenye kelele, yule anayekaa mbele na kuwaambia wanakosea wapi. Pesa hakuna. Yeye na Roger wanakodi kibanda soko la Kensington, wanauza nguo za mitumba. Kijana akasita hapo, akatutazama: "Mitumba, jamani. Kama sokoni kwetu Darajani." Watu wote wakacheka, na mimi nikaona jinsi mtu wa mbali anavyosogezwa karibu kwa neno moja.

Akaendelea. Kabla ya Queen aliimba na bendi ya vijana wa Liverpool, Ibex, baadaye wakajiita Wreckage, kisha akapitia Sour Milk Sea. Zote hazikudumu. Na katika siku hizo, ndivyo inavyosimuliwa, stendi ya maikrofoni ilimkatikia mkononi katikati ya onyesho. Hapa kijana akalishika fagio katikati, akalichomoa kichwa, akabaki na mpini. Hakusimama, akasema, aliendelea kuimba na kile kipande, na tangu siku hiyo hakutaka tena stendi nzima. Akazunguka na ule mpini pale kichochoroni, kiuno kikipinda, kofia ya kufuma kichwani, na yule mama akasema kutoka mlangoni, "We mwanangu, nirudishie fagio langu zima!" Akalirudisha zima, na shikamoo juu yake.

Mwaka 1970 Staffell akaondoka Smile, Freddie akaingia. Yeye ndiye aliyeshikilia bendi iitwe Queen, na karibu wakati huo huo akaacha Bulsara akawa Mercury. Onyesho lao la kwanza lilikuwa tarehe 27 Juni 1970 mjini Truro, kusini magharibi mwa Uingereza, mkataba ukiwa bado na jina la Smile. Mpiga besi John Deacon akakamilisha kikosi mwaka 1971. Ile nembo ya Queen yenye simba wawili, kaa na vijimalaika wawili aliichora Freddie mwenyewe kwa nyota za kuzaliwa: simba kwa Deacon na Taylor, kaa kwa May, na wale wawili ni Mashuke, nyota yake. Stashahada ya Ealing haikwenda bure. Albamu ya kwanza ikatoka tarehe 13 Julai 1973. Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 13 Julai, mwaka 1985, alikuwa kwenye jukwaa la Live Aid, lile tamasha la hisani, katika uwanja wa Wembley jijini London, na alifungua akiwa amekaa wapi? Kwenye piano.

Hapo nilimpigia makofi kijana peke yangu, wengine wakafuata.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nyingine na moja zimekaa kwenye milango na geti la hospitali, wanaweza kuzichukua wakitaka. Nilimwambia mwenye kampuni haya haya kwa simu, akasema atayatazama, na kuhusu Siti binti Saad akasema ataongeza bila kubishana.

Mkienda, ombeni ziara ya asubuhi, mchana jua la Vuga halina mchezo. Viatu viwe vya kufunga, mawe ya Shangani yanateleza mvua ikipita. Mkishaagana na mwongozaji, rudini makumbushoni kwa wakati wenu mkasome taratibu. Ulizeni kwanza kama tiketi yenu ya siku hiyo bado inakubalika. Bakshishi haimo kwenye bei. Na mkipangiwa yule mrefu mwenye kofia ya kufuma, mwambieni kabla hamjaanza kutembea kwamba milango mmeshaiona.